Pumzi ya Kidato cha Sita

Mpwa wangu wa mchepuo wa PCB ameanza taamuli. Mtihani wa Taifa ni Mei, Aprili inakatika, naye kakunja miguu mkekani, macho kafumba, anahesabu pumzi. Ukimtajia fizikia anakuinulia kidole: usivuruge utulivu. Eti mwalimu wa kwenye simu kasema ayaache mawazo yapite kama mawingu. Yamepita kweli, yakaondoka na kemia yote. Udaktari unataka ufaulu fizikia, kemia na bayolojia. Pumzi sijaiona kwenye orodha.

Bibi yake, mtu wa tasbihi miaka 50 bila mto maalumu wa kukalia kama wa mjukuu, alichungulia mlangoni akatega sikio.

“Huyu hatafakari,” akanong'ona. “Anakoroma.”

Jana kijana kaomba hela ya mto wa pili.