Kasida ya Jambo Bwana

Wafalme wamesifiwa, farasi wamesifiwa, na watunzi wa Pwani wamekisifu kila kitu hadi mnazi. Ni haki basi sasa usifiwe wimbo wa Jambo Bwana, unaodharauliwa na kila mjuzi wa muziki na kupigwa na kila mwanamuziki mwenye kodi ya nyumba ya kulipa.

Kwanza, haukujitakia makuu. Teddy Kalanda Harrison alipoutunga, na Them Mushrooms, bendi yake na ndugu zake pale Mombasa, walipoutoa 1982, ndani yake hamkuwa na kisa, mahaba wala wasia. Salamu, jibu la salamu, karibuni, nchi yetu nzuri, msiwe na wasiwasi. Mtalii aliyeshuka kwenye ndege asubuhi anaumudu jioni supu haijapoa. Magwiji wetu wa vina na mizani wamehangaika karne nzima, na hakuna aliyepata mwanafunzi mwepesi kiasi hicho.

Tena hauna ubaguzi. Mwaka uliofuata Boney M. waliuvalisha disko huko Ulaya. Kilimanjaro, waongozaji na wapagazi huuimba wakiitoa Kenya na kuuweka mlima. Yale maneno yake mawili ya kutuliza roho, hakuna matata, Disney waliyatia kwenye filamu mwaka 1994, katika wimbo mwingine kabisa, kisha wakayasajili Marekani kuwa alama yao ya biashara kwenye fulana. Mwaka 2018 watu wakasaini malalamiko. Wimbo wenyewe ulinyamaza. Ungelalamikaje, na maneno yake ndiyo hayo?

Lakini fadhila yake kubwa imewaendea waliouzaa. Msanii wa kawaida hulala na hofu kwamba akifa atasahauliwa. Them Mushrooms wameondolewa usumbufu huo, na mengine mengi pamoja nao. Walipiga rege mapema kabla haijazoeleka kwetu. Walitoa Ndogo Ndogo, wakatoa Embe Dodo. Walimrudisha jukwaani mkongwe Fundi Konde na kuzifufua zilizopendwa ambazo vijana walikuwa hawazijui tena. Hiyo ni kazi ya zaidi ya miaka 40. Litaje jina lao mbele ya mtu wa Berlin, au wa Kisumu tu, uone kama hajaanza kukuamkia kwa kuimba kabla hujafika kwenye rege. Ni mtoto wa ajabu huyu: analisha nyumba nzima, anawalipia wadogo zake karo, na mgeni akibisha anasimama katikati ya mlango asionekane mwingine.

Kwenye mahoteli ya Diani na Nyali wapo wanamuziki wasioutunga na bado umewatawala. Suala lao ni wapi pa kuuweka. Ukipigwa mwanzo, wageni wanarudi kwenye bafe wakidhani burudani imekwisha. Ukiachwa mwisho, kuna mzee mwenye shati la maua atakayeuagiza baada ya kila wimbo. Basi hupigwa katikati, na mwisho, na tena akitokea mwenye siku ya kuzaliwa. Mpiga gitaa aliyesugua vidole miaka mingi akiwafuata Wakongo anaupiga huku akiwaza bei ya unga.

Husemwa kwamba wanauchukia. Sidhani. Hesabu bakshishi imetoka kwenye wimbo gani, kisha mtazame mpiga besi watoto wanapokimbilia mbele kucheza: anacheka, na kicheko kile hakimo katika mkataba. Chuki tupu ingekuwa rahisi kuishi nayo. Kinachosumbua ni kwamba wimbo ni mzuri. Salamu zilikuwa zimezagaa pwani nzima, bure, kila mtu akizikanyaga, na wengi wametunga nyimbo za kukaribisha wageni kabla na baada yake ambazo hazikuvuka hata Likoni. Kutunga wimbo sahili namna ile kunahitaji ustadi, na ustadi wa aina hiyo hakuna anayemsifia mtu, kwa sababu hauonekani.

Nauombea umri mrefu, kwa hiyo, na nina ombi dogo kwa mameneja. Ukishapigwa mara ya pili, waacheni jamaa wapige Embe Dodo mpaka waridhike. Mzee wa shati la maua akiinua tena mkono, ajibiwe kwa adabu ile ile aliyofunzwa na wimbo wenyewe: hakuna matata, bwana, kesho.