Panga na Jembe kwa Fundi

(Majengo, Mpanda. Fundi kaenda kunywa chai. Juu ya gunia, kando ya tupa na nyundo, wamelala wawili wakisubiri zamu.)

PANGA: Shikamoo, bibi.

JEMBE: Marahaba, mjukuu. Umeletwa kunolewa?

PANGA: Pande zote mbili! Bwana wangu ana ugomvi wa mpaka na jirani yake.

JEMBE: Bwana wako si ndiye mwenyekiti wa jumuiya?

PANGA: Ndiye huyo. Jana usiku kasoma Yoshua, kuta za Yeriko zinaanguka, mpaka jasho likamtoka.

JEMBE: Na ile ya wapendeni adui zenu, Mathayo 5:44, kaisoma?

PANGA: Ukurasa ule ulimwagikiwa mchuzi, bibi. Umegandana.

JEMBE: Basi afungue Isaya 2:4. Mapanga yatafuliwa yawe majembe. Pengine hata mimi zamani nilikuwa mwenzako.

PANGA: Na Yoeli 3:10? Majembe yafuliwe yawe mapanga! Jiandae, moto wa fundi ni ule ule.

JEMBE: (anakohoa kutu) Mh.

PANGA: Na Bwana mwenyewe, Luka 22:36, si aliwaambia wauze vazi wanunue upanga?

JEMBE: Zikapatikana mbili, akasema basi. Mbili kwa wanaume kumi na mmoja! Hizo hata kwa kuku wa harusi hazitoshi. Na ule mmoja ulipotumika, ulipata sikio, nalo likarudishwa pale pale.

PANGA: Twende Karema basi, hapo ziwani. Wabelgiji walijenga ngome 1879, wakawaachia Mapadre Weupe 1885. Mwaka uliofuata akaja Kapteni Joubert, askari wa zamani wa Papa, na bunduki zake. Wenye biashara ya watumwa walikuwa wanabeba watoto. Ungewapikia pilau?

JEMBE: (kimya) Hapo umenibana. Mtoto aliyefungwa kamba hasubiri mahubiri. Ila Karema hiyo hiyo alifika Adrien Atiman, aliyetekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, akasomea utabibu Malta. Alikuwa na madeni mengi ya kudai kuliko bwana wako, lakini alitibu watu mpaka alipofariki 1956.

PANGA: Huyo alikuwa Atiman, bibi.

JEMBE: Na jirani yenu kabeba mtoto wa nani?

PANGA: Hapana... kasogeza mpaka.

JEMBE: Kwa kiasi gani?

PANGA: Hatua mbili.

JEMBE: Hatua mbili! Mtu keshakuwa Mwamaleki!

(Fundi anarudi, anajifuta mdomo. Nyuma yake mwenyekiti, Biblia kwapani.)

MWENYEKITI: Fanya haraka, fundi, saa kumi nina jumuiya.

FUNDI: Pande zote mbili, si ndiyo? Leo mnasali kwa nani?

(Mwenyekiti anatazama barabarani, anakuna shingo.)

MWENYEKITI: Kwa yule jirani yangu. Hebu noa upande mmoja tu kwanza.