Simu Ina Kava, Kichwa Kitupu

Mwanachuo wa Nairobi anajua kuogopa, ila haogopi panapofaa. Mpwa wangu ninayeishi naye Kawangware anasomea afya na usalama kazini, kozi ambayo karo yake naijua vizuri kwa sababu naitoa mimi. Simu yake ina kava ya mpira na nambari ya siri ambayo hata mamake hajaambiwa. Kwenye matatu ya 46 hakai dirishani, simu isije ikanyakuliwa. Usiku akishuka steji anaitia ndani ya soksi.

Kichwa sasa. Kichwa anakipandisha bodaboda kikiwa kitupu, abiria watatu wamebanana, wote wa darasa hilohilo la usalama, helmeti ikining'inia kwenye usukani. Nikamuuliza sheria inasemaje. Akaimwaga bila kukwama: Sheria ya Trafiki, kifungu cha 103B, abiria mmoja tu, na helmeti.

"Ilikuja kwenye mtihani, anko. Nilipata zote."

"Mbona huvai?"

"Zinanuka, halafu zinaharibu nywele."

Kunuka zinanuka, hapo sibishani.

Rafiki yake amepanga Kibera, karibu na reli. Reli hiyo ilifika Kisumu mwaka wa 1901 na treni bado zinapita. Wao hutembea katikati yake, muziki masikioni, wakigeuka nyuma kila hatua wasije wakapigwa ngeta. Mwizi wanamchunga wenyewe, treni wamemwachia Mungu. Wakifika chumbani wanachomeka koili ya kupikia kwenye stima ya sambaza, waya zimeunganishwa kwa karatasi ya plastiki, na juu ya koili wameanika soksi. Zilezile za kufichia simu.

Waziri John Michuki alipolazimisha mikanda kwenye matatu mwaka wa 2004, pamoja na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, abiria angalau walifunga kwa kumwogopa polisi. Hawa wa leo hata polisi hawawasumbui. Bodaboda anajua vichochoro vyote vya Kawangware, na wakimkwepa afisa wanashangilia kama wamefunga bao.

Basi nimemnunulia helmeti yake mwenyewe, mpya, isiyonuka jasho la mtu. Iko juu ya kabati, imefunikwa kwa nailoni. Anasema hawezi kutoka nayo. Itaibiwa.