Jinsi ya Kuipasua Namba Yenye Tarakimu 21

Usiinakili mahali; itengeneze mwenyewe. Anza na 2, zidisha kwa 2, jibu nalo lizidishe kwa 2, mpaka mbili zako zifike 67. Njiani utakutana na 1,024, halafu 1,048,576, usipoziona, umeteleza. Mwishoni toa 1. Umepata 147,573,952,589,676,412,927.

Je, ni namba tasa? Vipimo vya shule ya msingi vimalize upesi. Inaishia na 7, basi 2 na 5 hazimo. Tarakimu zake zikijumlishwa ni 109, basi 3 nayo haimo. Hapa ndipo mtu huchoka na kutangaza kuwa ni tasa, na akifanya hivyo yuko na wakubwa: Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa aliyezijua hesabu kwelikweli, aliiweka katika orodha yake ya namba tasa mwaka 1644, nayo ikakaa humo zaidi ya miaka 200.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo tusiikimbie. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwamba namba hii si tasa, na hakutaja hata kigawo kimoja. Ana hakika kwamba inagawanyika, hajui inagawanywa na nini! Kipimo chake hakitafuti vigawo kabisa. Huipitisha namba kwenye mlolongo wa hesabu ambao tasa ya aina hiyo lazima iuvuke salama, na hii haikuvuka. Kujua kwamba kigawo kipo ni kazi moja. Kukitia mkononi ni nyingine, tena nzito zaidi.

Basi kitafute. Ukijaribu kila namba, huenda ukafika bilioni 12 hivi. Pita njia ya mkato: kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikitoa 1, kinachobaki hugawanyika kwa 134, yaani 67 mara mbili. Jaribu 135, 269, 403, uende hivyo hivyo, chai ikiwa karibu. Katika jaribio la 1,445,580 utakutana na 193,707,721. Mwenzake ni 761,838,257,287.

Jibu hilo Frank Nelson Cole alilipeleka New York, Oktoba 1903, kwenye mkutano wa wanahisabati. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno. Upande mmoja wa ubao alikokotoa namba yenyewe, upande wa pili akazidisha vigawo viwili, majibu yakalingana, akarudi kukaa. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Nawe zidisha. Kabla ya hapo jumlisha tarakimu za kila kigawo: 37 na 64. Jumlisha tena mpaka ibaki tarakimu moja. Zote mbili huishia 1. Moja mara moja ni 1, na ile 109 nayo huishia 1. Dalili ni njema, endelea.

Ukimaliza, orodha ya Mersenne ina kipeo cha 257 pia. Namba yake nayo si tasa, na ina tarakimu 78. Nunua daftari kubwa.