Majaji wa Bwera

Katika miaka ya Tusker Project Fame, Bwera, kwetu mpakani mwa Uganda na Kongo, ilikuwa na majaji wa muziki wengi kuliko bodaboda, na sidhani kama kuna hata mmoja wetu aliyewahi kuusikia wimbo ukaanza mpaka ukaisha. Hilo halikutuzuia. Jumatatu asubuhi, pale kwa muuza chapati karibu na stendi, ungetukuta tunachambua pumzi, noti na mavazi ya vijana walioimba Nairobi wikendi ile. Mtu akithubutu kuuliza, "Kwani nyinyi mlisikia?" tulimwona mchokozi.

Kwa waliosahau, mashindano yale ya kuimba ya televisheni yalianza mwaka 2006, na Valerie Kimani wa Kenya akawa mshindi wa kwanza. Vijana kutoka nchi za Afrika Mashariki waliwekwa katika jumba moja Nairobi, wakafundishwa kuimba huku kamera zikiwafuata hadi jikoni. Mwisho wa wiki walipanda jukwaani mbele ya majaji, nasi watazamaji tukapiga kura kwa ujumbe wa simu. Mwenye kura chache alifungasha mizigo yake. Mwaka 2008 Esther Nabaasa wa Uganda akatwaa ushindi, na siku hiyo Bwera nzima ikagundua kwamba ina masikio ya muziki.

Masikio hayo yalikutana kwenye kibanda cha video. Kilikuwa na paa la mabati, mabenchi yasiyo na mgongo, televisheni moja iliyowekwa juu kabisa ili isiguswe, na jenereta iliyofungwa nyuma ya ukuta wa mbao, hatua tatu kutoka kwenye spika. Juu ya paa alikaa kijana wa antena. Kazi yake ilikuwa kuizungusha pole pole huku watu hamsini wakimpigia kelele kutoka chini: "Hapo! Hapo hapo! Aa, umepitiliza!" Kijana huyo hakuwahi kutazama kipindi hata kimoja, lakini naye Jumatatu alikuwa na maoni yake.

Sasa nitoe uhakiki wangu wa washindi, kwa mpangilio nilioutoa wakati ule.

Esther Nabaasa, 2008: mvua. Mvua inayoshuka kutoka Rwenzori haigongi hodi, na chini ya mabati hata jenereta haisikiki. Nilimwona dada yule akifungua mdomo, akifumba macho, akinyoosha mkono. Nikatamka kwamba sauti yake inatoka tumboni, tena ana nidhamu ya pumzi. Hakuna aliyenipinga, maana nao waliona mdomo ule ule.

Alpha Rwirangira wa Rwanda, 2009: antena. Upepo ulikuwa umemshinda nguvu kijana wa paani, na picha ikawa inakuja na kivuli chake. Tulikuwa na Alpha wawili waliosimama bega kwa bega, mmoja akichelewa kidogo nyuma ya mwenzake. Tulibishana juma zima kama yule wa pili ni mwitikiaji au ni pacha. Zawadi ilikuwa shilingi milioni 5 za Kenya, ambazo tulizigeuza kuwa shilingi za Uganda, kisha kuwa mbuzi, ndipo tukaelewa kwa nini kijana anaimba kwa bidii namna ile.

Mwaka 2010 wakabaki Davis Ntare wetu na Peter Msechu wa Tanzania. Huo ndio usiku wenye kidonda. Mtangazaji alishika bahasha, kibanda kikanyamaza mpaka tukasikia petroli ikiisha. Jenereta ilikohoa, ikakohoa tena, giza. Mtoto akatumwa na dumu. Aliporudi na mafuta, na mwenye kibanda alipomaliza kutafuta kamba ya kuliwashia lile dude, kwenye televisheni kulikuwa na mtu anatusomea habari. Usiku ule nusu ya Bwera ilishangilia ushindi wa Davis na nusu nyingine ikaomboleza, kila upande bila ushahidi wowote. Jibu lililetwa asubuhi na taksi ya kwanza kutoka Kasese, na dereva akataka kwanza anunuliwe chai ndipo aseme. Ni Davis.

Ruth Matete wa Kenya, 2012, aliimba vizuri; ninasema hivyo kwa sababu mama aliyekaa mbele yangu na kitambaa kikubwa kichwani alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha, nami nilihakiki kitambaa. Hope Irakoze wa Burundi, 2013, nilimsikia vema kuliko wote, kama dakika nzima, mpaka mtu mmoja akaanza kuuza mayai ya kuchemsha.

Lakini matatizo ya kiufundi ni ya kusamehewa. Aliyetuharibu kabisa ni mtafsiri. Siku za kawaida kibanda kilionyesha filamu za ngumi, na kijana mmoja alikaa na maikrofoni akizitafsiri kwa Kiswahili chenye Lukonzo ndani yake na Lingala pembeni, kama ilivyo desturi ya vibanda vya Uganda. Jumamosi ya mashindano alilipwa vilevile, kwa hiyo hakuona sababu ya kunyamaza. Wimbo ukiimbwa kwa Kiingereza, alitafsiri juu ya wimbo. Ukiimbwa kwa Kiswahili, pia alitafsiri. Kisha wakaja majaji: Ian Mbugua wa Kenya, aliyejulikana kote kwa kutobembeleza mtu, Juliana Kanyomozi wa Uganda, na Hermy B wa Tanzania. Ian alipoeleza kwa Kiingereza chake kilichonyooka, dakika nzima, habari za sauti kupanda na kushuka, mtafsiri wetu alifupisha: "Anasema karo ya mama yako imekwenda bure." Juliana akisifu kwa tabasamu, kijana alisema: "Dada anasema hujambo, karibu kwao ule." Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikimnukuu Ian Mbugua kwa maneno ambayo Ian Mbugua hajawahi kuyatamka, na nilisikilizwa kwa heshima.

Juliana naye alikuwa na shida yake ya pekee katika Bwera, nayo ilianza kabla hajazaliwa. Ni binti wa Toro. Wazee wetu hawajasahau kwamba Rwenzururu yetu sisi Wakonzo ilijitenga na ufalme wa Toro mwaka 1962, wala hawajasahau sababu. Mzee mmoja alikaa kila Jumamosi kwenye benchi la mbele, akampa Ian sikio, akampa Hermy B sikio, na zamu ya Juliana ikifika alitoka kwenda haja ndogo. Hukumu yake hakuitambua. Hata mwaka 2009, serikali ilipoutambua ufalme wa Rwenzururu rasmi na watu wakacheza barabarani, mzee aliendelea kwenda haja.

Wengine walipambana na saa. Kasindi iko ng'ambo tu ya mpaka wa Mpondwe, lakini saa za Kongo ya mashariki ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Wafanyabiashara waliolala upande huu walivuka na bidhaa zao, faranga zao na saa zao za mkononi ambazo hawakuzirekebisha. Kipindi kikianza kwetu, saa zao zilionyesha bado saa nzima, wakaenda kula kwanza. Walifika wamependeza, wakalipa kiingilio, wakakuta vijana wanakumbatiana na kulia. "Nani ametolewa?" Hakuna aliyejibu. Walidai fedha zao. Mwenye kibanda akawaambia kipindi kilionyeshwa kwa wakati, waulize saa zao. Hata hivyo, wakiwahi, walikuwa majaji wakali kuliko sisi sote. Hawakuwa na mtu wao jukwaani, na mtu aliyekulia kwenye rumba ya Kongo hashtuliwi na kijana wa Kampala anayetetemesha noti.

Tena kuna Wasabato, na Kasese ina Wasabato wengi. Kwao Jumamosi ni takatifu mpaka jua lizame. Binamu yangu mwenye imani hiyo alikaa mlangoni, ameipa televisheni kisogo, akisubiri. Kasese mjini jua hujificha mapema nyuma ya milima, kwa hiyo ndugu zake wa huko walimpigia simu kumwambia wao wameshaanza kutazama. Ilimuuma sana. Alitaka kujua kama Mungu anahesabu jua la Kasese au la Bwera.

Na kura? Ukiwa Bwera simu yako haina uaminifu. Ukisimama mlangoni ni Mganda, ukienda chini ya mwembe ni Mkongo. Nilinunua vocha, nikaandika jina la mshiriki wangu kwa makini, nikabonyeza, simu ikanikaribisha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa Kifaransa na kunikata salio. Kura hiyo sijui ilimwangukia nani. Watu walikuwa wakipanda kilimani kupigia kura, na huko juu mtandao ulikuwa unavutana vilevile. Tukirudi chini, mshiriki wetu keshapanda gari kwenda kwao.

Ilipofika 2019 na mashindano ya East Africa's Got Talent, mambo yalikuwa yamebadilika. Anne Kansiime alikuwa mtangazaji, Jeff Koinange, Gaetano Kagwa, Vanessa Mdee na Makeda wakakaa kwenye viti vya majaji, na watoto wawili wa Uganda, Esther na Ezekiel Mutesasira, dada na kaka, wakaibuka washindi. Safari hii niliwasikia kwenye simu ya mwanangu, kwa spika za masikioni, mwanzo hadi mwisho, bila mvua. Matokeo yake nilikosa la kusema. Pale kwa muuza chapati tulitazamana. Mmoja akasema, "Wameimba vizuri." Tukakubali. Chai ikaisha mapema.

Sifa zangu, hata hivyo, zilikuwa zimeshafika Kasese. Ukumbi mmoja wa starehe uliandaa mashindano yake ya kuimba, zawadi ni godoro, nikaitwa niwe jaji. Nilikwenda na miwani isiyo na kazi, nikakunja uso kama Ian. Nilimkata kijana mmoja alama, nikamwambia sauti yake inaishia mlangoni. Ukumbi ukapiga makofi. Nilijiona nimefika.

Tatizo likaja wakati wa kutangaza. Kwetu Wakonzo mtoto huzaliwa na jina lake likimsubiri: mvulana wa pili ni Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo. Ukivuka mpaka ni Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, watu wale wale. Mshereheshaji akachukua karatasi, akapaza sauti: "Mshindi wetu ni Bwambale!" Nikaona watu wanasimama kwenye kila safu. Akasimama na fundi wa spika. Akasimama askari wa mlangoni. Mmoja alikuwa ameshafika jukwaani na kukumbatia godoro kabla hatujakumbuka kama aliimba. Wa pili akashika pembe ya godoro. Mshereheshaji akajaribu kufafanua, "Yule wa Kilembe!" na wakakaa wawili tu. Nilivua miwani, nikatokea mlango wa jikoni, nikawahi taksi ya mwisho ya Bwera.

Nilikaa mbele, karibu na dereva. Tulipopita Kikorongo na kuingia sehemu ya mbuga ya Queen Elizabeth, akapunguza mwendo.

"Mwalimu," akasema, "inaishia mlango upi?"

Nikamtazama vizuri. Alikuwa Masereka wangu, yule niliyempa alama nne.

Akasimamisha gari katikati ya pori, akazima injini, akageuka. "Kule ukumbini spika zilikuwa mbovu. Nisikilize hapa." Akaanza kuimba. Nyuma yangu taksi ilikuwa imejaa: mama mwenye kapu la samaki wa Katwe, kijana na kuku wake, wengine wamepakatana. Mbele, kwenye mwanga wa taa, tembo walikuwa wanavuka barabara bila haraka, na mmoja akasimama akatanua masikio.

"Hata huyo anasikiliza," akasema kijana wa kuku.

"Mwalimu, mpe alama, twende," akasema mtu wa nyuma.

"Nane," nikasema.

Dereva akarudia ubeti, juu zaidi. Tembo hakuondoka.

"Mwalimu!"

"Tisa!"

"Sema kwa Kiingereza," akasema dereva. "Kama Ian."

Nikasema kwa Kiingereza kwamba sauti yake imekomaa, ina rangi, na kwamba tatizo la ukumbini lilikuwa spika. Dereva akanisikiliza ametulia, mikono juu ya usukani. Kimya kikaingia, kisha kutoka kiti cha nyuma wakauliza jaji amesemaje. Mama mwenye samaki akainuka kidogo, akawageukia wenzake na kutangaza: "Anasema Masereka ameshinda, na mshindi hatozi nauli."

Gari zima likapiga makofi. Dereva akawasha injini, ameinua kidevu, akasubiri tembo wamalize, akatupeleka Bwera akiimba njia nzima. Pale stendi, watu walimpa mkono mmoja baada ya mwingine, "Wasingya, wasingya," yaani asante, wakachukua mizigo yao na kupotelea gizani. Hakuna aliyetoa hata shilingi. Nilipotaka kushuka nami nikampa mkono, alinishikilia. Jaji si abiria, akasema. Nikalipa nauli yangu, na ya kapu la samaki.