Jinsi ya Kuombea Pesa Ngoma za Garsen

Fomu za wafadhili hazipendi kitu kizima; zinapenda kinachokata roho. Kwa hiyo usiandike kwamba Wapokomo wa Garsen wanaimba. Andika kwamba sauti za mwisho za Mto Tana zinazimika, nawe, mwanafunzi wa ng'ambo, ndiwe wa kuziwahi. Ongeza kwamba muziki huu haujulikani duniani. Usithubutu kutaja kwamba wimbo wa taifa wa Kenya, uliotayarishwa na kamati ya watu watano mwaka 1963, ulichukua sauti yake kwenye bembelezi la Kipokomo. Mfadhili akijua kwamba kinachopotea hupigwa hadi kwenye Olimpiki kila Mkenya akishinda mbio, atataka kuelezwa kinapotelea wapi.

Sasa bajeti, na hapa usione haya. Tiketi ya ndege, bima, mashine ya kurekodia, diski tatu (moja ya kuibiwa, moja ya kulowa), na yale manyoya ya kuvisha maikrofoni isivume upepo. Gari la kukodi kutoka Malindi. Mwimbaji mtie kwenye "mengineyo". Mshauri wako atakueleza kwamba maadili ya utafiti hayapendi watu walipwe ili waimbe, maana pesa huharibu data. Ya dereva haiharibu kitu. Akina mama wa kijiji cha Ngao wakiuliza wao watapata nini, waambie nakala. Wakiuliza nakala huliwa kwa mboga gani, kohoa. Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayodai idhini ya jamii kabla ya kazi na mgao wa faida baadaye. Hiyo isome ndani ya ndege ya kurudi.

Kibali cha utafiti utakiomba NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kisha ukajitambulishe kwa kamishna wa kaunti. Yeye yuko Hola, huko juu mtoni, si Garsen, basi ongeza mafuta ya gari. Halafu kuna wazee: Gasa kwa Wapokomo, Matadheda kwa Waorma. Fomu ina nafasi ya jamii moja tu. Usimchanganye mfadhili.

Ripoti hutakiwa Desemba, kwa hivyo utafika Novemba, mvua ya vuli ikinyesha. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yaliikata barabara ya Lamu, abiria wakakwama. Nawe ukikwama, washa mashine hapo hapo stendi ya Garsen: makonda, bodaboda, wauza maembe, jenereta. Ipe jina "mandhari ya sauti". Ina wafadhili wake, na wanalipa vizuri kuliko wa nyimbo.

Ukinyimwa kabisa, mpe mwongozo huu kijana wa Garsen ageuze safari. Ngadji, ngoma kuu takatifu ya Wapokomo, ilitwaliwa na maafisa wa kikoloni, na tangu 1908 iko British Museum, London. Hiyo kweli imenyamaza, na hakuna haja ya kutia chumvi kwenye fomu. Aombe pesa za kwenda kuirekodi ugenini. Ubalozini atadaiwa taarifa za benki na ushahidi kwamba atarudi kwao (ngoma yenyewe haikudaiwa hilo). Na fomu ikimtaka ataje mzee wa eneo la utafiti atakayempokea, aandike: mtunza ghala.