Kwa Aliyeuziwa .405: Mwongozo wa Kufilisika Taratibu

Umeiona mnadani huko Marekani ukashindwa kuipita: Winchester modeli ya 1895, kazi ya John Browning, inayokokiwa kwa wenzo ulio chini ya kifyatulio. Muuzaji atakunong'oneza jina la Theodore Roosevelt, na wala hadanganyi. Rais huyo mstaafu aliposhuka Mombasa Aprili 1909 alikuja na ya aina hii, inayopiga risasi za .405, akaenda nayo bara kuwawinda simba. Asichokwambia ni kwamba Roosevelt alikuwa na wapagazi wa kumbebea masanduku ya risasi, na kiwanda kilikuwa bado kinazitengeneza. Kiliacha mwaka 1955. Karne hii zimerudi sokoni, ila nenda dukani ukaziulize uone utakavyotazamwa.

Basi utashindilia risasi mwenyewe. Nyumbani sema unabana matumizi. Risiti zifiche.

Usiagize vichwa vya risasi kwa kufuata jina. Kichwa cha .405 si cha 405: kina upana wa inchi 0.411, na kile cha asili kina uzito wa greni 300, kama gramu 19 hivi. Wenye duka watakuelewesha, baada ya kukuuzia kisicho chako.

Kwenye baruti, mwongozo huu unaacha mzaha. Kuna baruti ambazo kipimo chake hakijazi hata nusu ya ganda, kwa hiyo vipimo viwili vinaingia bila kulalamika, na atakayelalamika ni chemba, sentimita chache mbele ya jicho lako. Mulika kila ganda kwa tochi kabla ya kulifunga kwa kichwa. Mezani pawe na kopo moja tu la baruti. Kitabu cha vipimo kina kipimo cha kuanzia na cha mwisho. Anza na cha kuanzia. Kwenye uwanja wa shabaha hakosekani mzee mwenye karatasi iliyokunjwa mfukoni, yenye kipimo "kizuri kuliko vyote". Msalimie, mpe chai, karatasi mrudishie.

Sasa maganda, ambayo ndiyo mali hasa. Bunduki hii hutema ganda kwa juu, likapita kichwani likaangukia majanini nyuma yako. Wenzako watakuwa wanatazama shabaha. Wewe utakuwa umepiga magoti unapapasa nyasi, maana kulipata jingine ni kuagiza na kungoja. Ukilipata, usilibusu kwanza. Chukua waya mwembamba, upinde ncha, uingize ndani ukwaruze ukuta karibu na kitako. Ncha ikinasa kwenye mfuo, ganda limechoka na litakatikia humo ndani. Litupe, hata kama roho inauma. Itauma.

Bega nalo lina habari yake. Kitako cha bunduki za zamani kina bamba la chuma lililopinda kama mwezi mwandamo, na hakuna fundi anayejua lilikusudiwa bega la nani. Koti nene linasaidia, kiburi hakisaidii.

Siku ukikamilisha boksi la risasi 20 zilizonyooka, jamaa atasogea akiomba apige moja tu, aonje. Mpe bunduki ya .30-30. Risasi zake zimejaa madukani.